Siku Jina Langu Lilipolazwa Hospitali

Juzi mwanangu wa mwisho alikanyaga kipande cha bati, nikampeleka zahanati iliyo karibu na kwetu hapa Lubumbashi. Muuguzi alipofungua chupa ya Dakin, ile dawa ya kuoshea vidonda inayonuka javeli ya kufulia nguo nyeupe, nilijikuta nimeshika shingo yangu chini ya taya, pande zote mbili. Akaniuliza kama naumwa koo. Nikamjibu kwamba ni mazoea tu. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba nilipokuwa msichana mdogo kule Likasi nililazwa kwa uvimbe wa shingo tangu asubuhi mpaka karibu saa nane mchana, na kwamba muda wote huo nilikuwa mzima wa afya, nimejificha nyumbani chini ya kitanda?

Wa rika langu waliokulia katika nyumba za kampuni wataelewa upesi. Sisi tulikaa Shituru, katika safu ya nyumba zilizofanana mpaka walevi walikuwa wakikosea milango. Papa, yaani baba yangu, alifanya kazi kiwandani, upande ambako madini yalilowekwa katika asidi kabla ya kuwa shaba, na suruali zake za kazi zilijaa vitundu kama zimeliwa na mende. Ilikuwa ile miaka ya kila kitu kuanguka, ingawa sisi watoto hatukujua kwamba kinaanguka, kwa kuwa hatukuwahi kukiona kikiwa kimesimama vizuri. Mishahara ilichelewa. Unga wa kampuni ulikuja ulipojisikia kuja. Majirani wengi walikuwa wameondoka kwa treni na mizigo yao, na tulikatazwa kuuliza sababu. Walimu nao walikuwa wamegoma, kwa hiyo tulishinda nyumbani tukigombana.

Kilichobaki ni karte. Ilikuwa karatasi ngumu ndani ya plastiki: jina la papa juu, la mama chini yake, kisha sisi watoto watano tumepangwa kwa kuzaliwa. Aliyeandikwa humo alitibiwa dispanseri ya kampuni, alihesabiwa kwenye unga, alisoma shule ya kampuni. Asiyeandikwa hakuwapo. Mtoto akifa, karani alipiga mstari mwekundu juu ya jina lake, na mgao uliofuata ulipungua. Niliuona mstari huo kwenye karte ya jirani yetu, juu ya jina la msichana niliyeruka naye kamba, nikaelewa kwamba kufa ndiko huko: unapigwa mstari na karani, halafu watu wanalia.

Astrida hakuandikwa. Alikuwa mtoto wa dada ya papa aliyefariki Kapolowe, na papa alimleta kwetu na kibegi kimoja na kuku mmoja. Kuku tulimla siku ya kwanza. Alinizidi mwaka mmoja, tukalala godoro moja, na watu walisema tunafanana, jambo ambalo mimi sikulipenda hata kidogo. Alijua kusuka nywele. Alijua kupepeta unga bila kujipaka kama mzimu. Mama alimsifu mbele yangu, na mimi nilimwonea wivu. Niseme tu hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa.

Mimi kwenye karte nilikuwa wa tatu. Na katika fishi yangu pale dispanseri, yaani faili langu la matibabu, kulikuwa na maandishi makubwa kwa wino mwekundu. Nilipokuwa na miaka mitano walinichoma sindano ya penisilini kwa sababu ya kikohozi, na kabla mama hajanifikisha nyumbani uso ulikuwa umevimba mpaka macho yamefumba, mwili mzima mabaka, pumzi inakatika. Tangu siku hiyo ikaandikwa kwamba mimi na penisilini tusikutane tena. Kaka zangu walinionea gere, maana wao walichomwa kila homa ilipopita. Mimi nilijivunia. Nyumbani kwetu hakuna mwingine aliyeandikwa kwa rangi.

Basi Astrida akaanza kulalamika jino, gego la chini upande wa kulia. Mama alimpa maji ya chumvi asukutue. Jirani mmoja alishauri aweke kipunje cha sulfate, yale mawe ya buluu ambayo watu walitoka nayo kiwandani mifukoni, akasema yanaua jino na mdudu wake kwa pamoja. Papa alikataa. Alisema kitu kinachotoboa suruali hakiwekwi mdomoni mwa mtoto, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Baada ya siku chache maumivu ya jino yakapungua, tukasahau. Halafu shavu likaanza kujaa chini ya taya, upande mmoja, kesho yake pande zote mbili.

Wakati huo huo kule Kikula, kwa mama mdogo, watoto walikuwa na oreyo. Hayo ni matubwitubwi. Sisi tuliyaita kwa Kifaransa kilichokatwa mkia. Kwa hiyo hakuna aliyejiuliza mara mbili. Oreyo kwetu ilikuwa na utaratibu wake, na kila mama aliujua: mgonjwa anapakwa bleu, ile dawa ya buluu ya chupa ndogo, kuanzia sikio hadi sikio, anafungwa kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini, anakula kwa sahani yake peke yake, na ni mwiko kumcheka. Anayemcheka mwenye oreyo, huvimba yeye. Astrida alikaa mlangoni na taya za buluu na masikio mawili ya kitambaa juu ya kichwa kama sungura aliyekunywa wino, na mimi nilicheka mpaka nikaketi chini.

Nikitazama nyuma naona kila kitu kilikuwa wazi. Oreyo huvimbisha chini ya masikio, na shavu huwa laini. Yeye alivimba chini ya kidevu, na palikuwa pagumu. Lakini mama alikuwa ameuguza watoto watano wenye oreyo na hajampoteza hata mmoja, na mtu aliyefaulu mara tano hasikilizi. Tena ile bleu, tuliyoipaka asubuhi na jioni kwa bidii, ilifunika ngozi. Wekundu wote uliotakiwa kututisha tuliupaka rangi wenyewe.

Asubuhi ya nne niliamka nikamkuta Astrida ameketi ukingoni mwa godoro, ameinama mbele, mikono juu ya magoti, mate yanachuruzika kwenye bakuli. Hakulala hata kidogo; kila alipojilaza aliinuka tena. Alijaribu kuniambia kitu, na sauti ilitoka kama ya mtu mwenye tonge la moto la bukari, ugali wetu, mdomoni. Mama alimpa kijiko cha uji. Uji ukarudi wote kwa midomo, polepole, bila yeye kutapika. Nilimwona mama akikiangalia kile kijiko kwa muda.

Papa alikuwa zamu. Mama aliwatuma kaka zangu na wadogo zangu Kikula kwa mama mdogo, akachukua karte kutoka juu ya kabati, akamfunga Astrida kitambaa kingine kilichomfunika mpaka puani. Kisha akaniita chumbani.

"Godelive, sikia muzuri. Leo weye hauko Godelive. Godelive iko mugonjwa, namupeleka ku dispanseri. Ubakie mu nyumba, muntu asikuone."

Nilimuuliza kama mimi basi ni nani.

"Hauko muntu," alisema. "Nyamaza tu."

Alisema bila ukali, kama mtu anayeeleza mahali chumvi ilipo. Wengi walifanya hivyo siku zile. Mtoto wa ndugu aliugua kwa jina la mtoto wa nyumba, akapona, maisha yakaendelea. Mimi lakini nilikuwa na mafundisho ya komunyo kichwani. Katekista alitufundisha kwamba Mungu anamwita kila mtu kwa jina lake, jina lile alilopewa kwenye maji ya ubatizo, na ukiitwa huwezi kumtuma mwingine. Nilikaa chini ya kitanda cha wazazi nikafikiri. Nilikuwa nimemcheka Astrida, kwa hiyo uvimbe ulikuwa na haki ya kunijia. Na sasa jina langu lilikuwa limekwenda kulala naye kitanda kimoja. Nilishika shingo. Nikahesabu mpaka mia, nikashika tena. Mara ya tatu nilikuwa na hakika kwamba pamekuwa pagumu.

Yaliyotokea dispanseri sikuyaona. Nimeyaokota kwa miaka mingi, sehemu kubwa kutoka kwa Astrida mwenyewe, ambaye hakuweza kusema lakini masikio yake yalikuwa mazima.

Aliyewapokea ni muuguzi mmoja mnene, mtaratibu, tuliyemwita papa Selesteni. Daktari alikuwa anapita mara mbili kwa wiki, na siku hiyo haikuwa yake. Papa Selesteni hakuuliza mengi. Kwanza alilowesha pamba akafuta bleu yote, na chini yake ngozi ikatokea nyekundu, inang'aa, ya moto. Akabonyeza kwa kidole gumba chini ya kidevu. Hapakubonyea. Akamwomba afungue mdomo, na kati ya meno pakapita kidole kimoja tu, kwa shida. Akamulika kwa tochi. Ulimi ulikuwa umenyanyuliwa mpaka juu, umesukumwa nyuma, kama godoro lililowekewa mzigo chini. Akamwambia autoe nje, haukutoka. Akamwambia ameze mate, hayakumezeka. Akagonga lile gego kwa mpini wa kijiko na Astrida akaruka. Mwisho akaweka sikio lake karibu na shingo ya mtoto, akamnyamazisha mama kwa mkono, akasikiliza kama pumzi inapiga filimbi inapoingia. Ilikuwa imeanza, kidogo.

Mama alitaka kumlaza kitandani apumzike. Papa Selesteni alimzuia.

"Asilale. Aikale vile vile. Akilala, ulimi utafunga njia ya hewa."

Kisha akamweleza mama kwamba hii si oreyo. Ni jino. Uozo wa jino umeshuka chini ya ulimi, umeenea shingoni pande mbili, na ukiendelea utafunga koo. Na hapa hatuhesabu siku, tunahesabu saa. Alitakiwa kupasuliwa chini ya taya usaha utoke, na kabla ya hapo apewe dawa kali kwenye mshipa. Ndipo akafungua fishi ya Godelive, na maandishi yangu mekundu yakamtazama.

"Mama," alisema, "mu pharmacie niko na penisilini tu. Na fishi inasema penisilini itamuua huyu mutoto."

Dawa nyingine zote zilikuwa zimekwisha. Gari la wagonjwa lilikuwa limesimama nyuma ya jengo bila magurudumu. Alisema atatafuta gari la kuomba, wampeleke Lubumbashi, lakini hakumficha mama kwamba ile barabara na ile pumzi haviendani. Angeweza kupasua bila dawa, alisema, ila ni kazi nusu, uozo ungeendelea kushuka kifuani. Akamuuliza mama kama anakumbuka vizuri jinsi mtoto alivyofanywa na penisilini. Mama alisema anakumbuka. Na kweli alikuwa anakumbuka. Alikuwa anakumbuka uso wangu.

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Astrida alimwona akifungua mdomo na kuufunga. Papa Selesteni alitundika maji ya chumvi, akamtuma mtu kutafuta gari, akaweka kisu na kibomba kwenye sinia karibu na kitanda, kwa ajili ya kutoboa koo kama pumzi itakata. Mama aliketi kwenye kiti akashika karte kwa mikono miwili. Saa nne ikapita, saa tano, saa sita. Gari halikuja. Filimbi ya pumzi ikawa inasikika mpaka mlangoni.

Mimi chini ya kitanda sikujua lolote la penisilini. Nilijua njaa, na nilijua shingo yangu. Mchana, kama saa saba, nikasikia kandambili nje, nyingi. Walikuwa akina mama wa jumuiya yetu ya kanisa. Habari ilikuwa imewafikia kutoka dispanseri kwamba mtoto wa mama yetu, Godelive, yuko mahututi, na kwa kuwa walikuta mlango umefungwa walipiga magoti pale pale kibarazani, upande wa pili wa ukuta niliouegemea. Walianza rozari. Nilisikia jina langu katika kila fumbo, likitajwa kwa huruma ambayo sikuwahi kuonyeshwa na yeyote kati yao. Yule aliyenifukuza wiki iliyopita kwenye mpapai wake alilia. Kisha kiongozi wao akaomba kwa maneno yake mwenyewe, na nilimsikia neno kwa neno.

"Bwana, kama ni saa yake, mupokee Godelive muzuri."

Wote wakasema amina.

Sijawahi kuogopa vile, si kabla wala baada, na nimepita katika mengi. Watu wazima wanane walikuwa wamekubaliana na Mungu kunitoa, na Mungu alikuwa na jina kamili. Nilitoka kwa mlango wa jikoni na gauni la ndani, miguu mitupu. Nilipita nyuma ya vyoo, nikavuka reli, nikapanda ile njia ya kokoto nyeusi kando ya ukuta wa kiwanda. Watu walionijua walinitazama nikipita, maana nilikuwa mahututi. Sikwenda kumwokoa Astrida. Naliweka wazi hapa kwa sababu limesemwa vingine kwa miaka mingi. Nilikwenda kuchukua jina langu kabla halijapigwa mstari.

Niliwakuta katika chumba cha mwisho. Astrida ameketi ameinama, kidevu mbele, anavuta hewa kwa mabega. Mama kwenye kiti. Papa Selesteni amesimama na fishi mkononi, anamwambia mama kwamba gari limepatikana lakini halina mafuta. Mama aliponiona alisimama, na uso wake siwezi kuuandika.

"Ni minye njo Godelive," nilisema. "Ule ni Astrida. Munirudishie jina yangu."

Papa Selesteni hakunishangaa kwa sauti. Alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama Astrida, akanitazama tena. Alikuwa amefanya kazi pale miaka miwili tu, uso wangu wa miaka mitano hakuujua. Akamgeukia mama.

"Mama, ni kweli?"

"Ni kweli," mama alisema. "Ni mutoto wa dada ya bwana yangu."

"Na huyu, alishaka kuchomwa penisilini?"

"Kapolowe, ku misioni, mara mingi. Haikumufanya kitu."

Papa Selesteni alifunga ile fishi. Kisha akasema, polepole, "Ningemutuma mu njia afie kule, juu ya karatasi." Alikwenda pharmacie kwa mwendo ambao sikudhani mtu mnene anaweza, akarudi na vichupa, akaweka tone moja chini ya ngozi ya mkono wa Astrida, akatazama saa yake mpaka robo saa ikaisha. Mkono haukuvimba. Akasukuma dawa kwenye mshipa.

Alimpasua akiwa ameketi, mama amemshika kichwa kwa nyuma. Mimi nilisukumwa nje, lakini mlango ulikuwa hauna kitasa, nikaona vya kutosha. Sehemu mbili chini ya taya. Usaha haukutoka mwingi kama nilivyotarajia. Ulitoka mchafu, na harufu yake ikajaa ukumbi, kisha Dakin ikaifuata nyuma. Aliingiza vipande vya mpira alivyokata kwenye glavu ili vidonda visijifunge mapema. Kabla hajamaliza kufunga bandeji, ile filimbi ilikuwa imeshuka. Mama alitoka nje akaegemea ukuta, akateleza mpaka chini, akalia kwa khanga mdomoni. Nilisubiri anichape. Hakunichapa wala hakunitazama.

Papa Selesteni alifungua fishi mpya, akaandika Astrida. Mama alimwomba, nilimsikia, aache tu kama ilivyo, mtoto ameshapata dawa, nani atajua. Alikataa, na sababu yake nimeikumbuka kila nilipojaza fomu yoyote maishani. Alisema akiacha hivyo, fishi ya Godelive itaonyesha kwamba alipewa penisilini na akapona. Na siku nyingine mimi nikiletwa nikiwa sina fahamu, mtu ataisoma na kunichoma. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakusema gharama anabeba nani.

Alibeba papa. Aliitwa ofisini wiki hiyo hiyo, ile fishi mpya ilipofika huko, akarudi amenyang'anywa karte. Alivua viatu, akanawa, akala bukari mpaka mwisho. Kisha akamuuliza mama, "Alipona?"

"Alipona," mama alisema.

"Basi," akasema papa, akaenda kulala.

Miezi mitatu baadaye mdogo wangu wa mwisho alipata malaria, na hatukuwa na pa kumpeleka. Alipona kwa bahati, na bahati sipendi kuisifu. Mama akaanza kwenda Kikula kuuza unga wa mihogo kwa vikombe. Baada ya muda dispanseri yenyewe iliishiwa hata penisilini, na wenye karte na wasio na karte tukawa sawa. Majirani waliacha kutucheka. Lakini nilipokuwa msichana mkubwa nilimhukumu mama kwa zile saa nne alizokaa kwenye kiti. Nilimhukumu kwa ukali, kimya kimya, nikimjibu kwa heshima mezani. Siku moja, nikiwa na mtoto wangu wa kwanza mgongoni, nikamuuliza alikuwa anafikiri nini pale. Alikuwa anachambua maharagwe na hakuinua macho.

"Nilikuwa nahesabu batoto," alisema. "Natoka kwa mukubwa, nafika kwa mudogo. Nikifika kwa Astrida, naanza tena."

Sikumuuliza tena. Nilimsaidia maharagwe mpaka yakaisha.

Astrida alikaa wodini siku kumi na mbili, maana papa Selesteni alikataa kumtoa ingawa karte haikuwapo. Mdomo ulipofunguka vya kutosha waling'oa lile gego, akaomba apewe, akanyimwa. Nilimpelekea chakula kila siku, kwa amri. Siku sauti yake iliporudi, sauti nyembamba yenye mikwaruzo, swali lake la kwanza lilikuwa kwangu. Aliuliza kama nilikimbia vile juu yake, kwa ajili yake. Alikuwa na mipira inatoka shingoni na macho makubwa. Nikasema ndiyo, juu yako.

Uongo ule ulikua haraka kuliko mimi. Akina mama wa jumuiya waliupokea kama jibu la rozari yao. Papa aliusimulia kwa wageni. Kwenye kipaimara changu kasisi aliutaja. Na Astrida alipoolewa na kurudi Kapolowe kulima, mtoto wake wa kwanza akamwita Godelive, nikawa na somo wangu, mtoto mwenye jina langu ambaye alinipigia magoti kila nilipofika. Kila alipopiga magoti, nilijisikia mwizi.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimu. Tulikaa nyuma ya nyumba tunachambua matembele, na makovu yake mawili chini ya taya yalikuwa yamefifia mpaka lazima uyajue ndipo uyaone. Nikamwambia. Nilimwambia yote, kitanda, rozari, mwiko wa kumcheka mgonjwa, na kwamba sikumfikiria yeye hata hatua moja ya ile njia. Nilikuwa nafuata jina langu tu. Nilitegemea akasirike, na nilikuwa nimejiandaa.

Aliendelea kuvunja majani.

"Najua," alisema. "Siku ile uliingia, uliangalia fishi. Haukuniangalia minye hata mara moja."

Nilimuuliza, kama alijua tangu siku ile, kwa nini basi alimpa mtoto wake jina langu.

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Ni juu ulifika," alisema.